Kijana wa Rufiji na Kazi: Toka Korija ya Boriti hadi Barua ya Maombi

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, alinitaka niwaeleze wadogo zetu walioko shuleni "namna ya kupata kazi Serikalini". Nilicheka, kisha nikaona huzuni kidogo. Nilicheka kwa sababu mimi ni mtumishi wa Serikali, na kila likizo ninaporudi Kibiti huulizwa swali hilo hilo kabla sijatua begi. Niliona huzuni kwa sababu nalijua jibu nililokuwa nikilitoa miaka yote, na najua madhara yake. Nimeonelea basi badala ya kutoa maelekezo, niandike historia. Nataka tuone jinsi kijana wa kwetu alivyopata kazi katika vizazi vitatu: kizazi cha babu yangu, cha baba yangu na changu. Anayetaka kujua aendako hana budi kujua alikotoka.

Zama za korija

Babu mzaa baba alikuwa mtu wa delta, upande wa Mbwera. Msomaji asiyefika huko na ajue kwamba mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000. Hakuna mwingine mkubwa kama huo katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi miti ya msitu huo ilipakiwa majahazini ikapelekwa Unguja, Uarabuni na nchi za Ghuba, kwenye majumba ya mawe na uhaba wa miti. Hata upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya kizamani ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, kwa kuwa ndiyo iliyobeba dari.

Biashara hiyo ilikuwa na elimu yake. Miti ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkataji alipaswa kutofautisha mkoko na msinzi, na mkandaa na mchu, tena kwa kuupapasa mti gizani. Alipaswa kujua siku za bamvua, wakati maji yanapojaa hata mtumbwi ukaingia ndani kabisa ya msitu kuchukua mzigo, na siku za maji mafu, ambapo atakayejaribu atakwama matopeni mpaka mwezi ugeuke. Alipaswa kujua majira ya kaskazi, jahazi zinapoteremka kutoka Uarabuni, na ya kusi, zinaporudi.

Kijana aliipataje kazi hiyo? Hakuandika barua. Alipotimiza miaka kumi hivi alifuatana na baba au mjomba, akapewa kazi ndogo kuliko zote: kupika, kulinda mtumbwi, kuteka maji ya ngama chomboni. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, lakini ilikuwa na mashahidi. Nahodha alimwona kama ni mvivu au hodari, mwongo au mkweli. Alipofika miaka kumi na minane, watu wote wa mikono ile ya mto walikwisha kumjua kijana fulani ana sifa gani. Siku nahodha alipopungukiwa na mtu, aliuliza jina, akajibiwa papo hapo. Babu alikuwa akisema kwamba hakuwahi kuomba kazi maisha yake yote, ila aliulizwa tu, "Kesho una nafasi?"

Sitaki kuzisifu zama hizo kupita kiasi. Kazi ilikuwa ngumu, matajiri waliwakopesha wakataji posho na kuwafunga kwa deni, na mtoto wa mtu asiye na mjomba chomboni alibaki ufukweni. Wala hapakuwa na kuchagua: mwana wa mkataji alikuwa mkataji. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: kijana aliijua kazi kabla hajaitafuta, na kazi ilimjua yeye.

Kazi za kulazimishwa na kazi za kalamu

Wajerumani walibadilisha mambo. Mwaka 1898 waliufanya msitu wa mikoko wa delta kuwa hifadhi ya Serikali yao, na katika miaka hiyo hiyo wakaleta kodi ya nyumba, iliyomlazimu kila mtu mzima kutafuta fedha apende asipende. Toka mwaka 1902 ikaja pamba ya kulimwa kwa amri, chini ya maakida na viboko. Matokeo yake twayajua sote: mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vililipuka katika milima ya Matumbi, kusini tu mwa mto wetu, na Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro, katika Rufiji yetu hii.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyowafundisha wazee wetu kwamba kazi ya Serikali ni ya namna mbili. Kuna kazi ya jembe, ambayo mtu husukumwa kuifanya. Na kuna kazi ya kalamu, ambayo anayeifanya ndiye anayeandika majina ya wanaosukumwa. Mzazi mwenye akili alimwombea mwanawe ile ya pili. Waingereza walipotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mafunzo hayo hayakufutika, bali yalizidi, maana shule zilikuwa chache mno na kila aliyemaliza alipata kiti. Ndipo shule ikawa na maana moja tu kichwani mwa mzazi wa Rufiji: mlango wa kutokea shambani na matopeni. Maana hiyo ilikuwa na haki yake kwa wakati huo. Kosa letu ni kwamba tuliirithisha bila kuitazama tena.

Zama za barua

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, Chuo Kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka huo huo kikiwa na idara moja ya sheria na wanafunzi wasiofika 15. Nchi nzima ilihitaji madaktari, mabwana shamba, wahandisi na walimu. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969 uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Serikali ikafuta ada za sekondari mwaka 1964, ikahesabu ni wataalamu wangapi wanaotakiwa katika kila fani, na kwa hesabu hiyo ikatoa nafasi za masomo. Aliyesomeshwa alipangiwa kazi. Hakutafuta, wala hakuruhusiwa kuchagua sana.

Lilikuwa ni patano. Taifa lilikuhakikishia kazi, nawe ukajihakikisha kwa Taifa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 kati yao walirudishwa makwao, na Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alionya waziwazi kwamba watoto kiasi cha asilimia 13 tu wa shule za msingi ndio waliokuwa wakipata nafasi ya sekondari, na kwamba si haki elimu ya wote ipangwe kwa ajili ya hao wachache. Wengi wetu tulikariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani wa Siasa au Uraia. Hatukuyachukua kuwa yanatuhusu.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wachache hao. Alimaliza Kidato cha Nne mwaka 1971, akapelekwa chuo cha kilimo, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1975 akaletewa barua na waranti ya treni: bwana shamba, wilaya ya Nzega. Hakuwahi kuiona Nzega hata kwenye ramani. Alikwenda. Barua ile aliihifadhi katika sanduku la bati pamoja na hati ya ndoa, na sisi watoto tulionyeshwa siku za sikukuu. Katika nyumba yetu neno "kazi" na neno "barua" yalikuwa kitu kimoja.

Wakati huo huo kule delta kazi ya babu ilikuwa ikififia. Nchi za Ghuba zilikwisha kupata mafuta, zikajenga kwa saruji na chuma, boriti zikapungua soko, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali ikasimamisha ukataji ili msitu upumue. Mafuriko makubwa ya 1968 yalikuwa yamekwisha kuwahamisha maelfu ya wakulima kutoka bondeni hadi vijiji vipya vya nyanda za juu, na Kibiti ikakua. Vijana waliokosa sekondari walikwenda Dar es Salaam, Temeke na Mbagala, wakakutana na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, ambayo ilimtaka kila mtu aonyeshe kazi anayofanya. Asiyekuwa na karatasi ya kuonyesha alihesabiwa mzururaji, hata kama alikuwa akiuza samaki toka alfajiri. Kwa mara nyingine karatasi ikawa ndiyo kazi.

Barua zinakoma

Ndugu zangu, patano lile lilivunjika polepole, na hakuna aliyepiga mbiu. Baada ya mwaka 1986 nchi ilifuata masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini. Baba alipata barua yake ya pili mwaka 1995. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Alirudi Kibiti na mabati kumi na sanduku lake, akaanza kulima mikorosho.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nimelifikiri kwa miaka mingi. Mtu huyu aliyeletewa kazi kwa barua na kunyang'anywa kwa barua, hakuacha kuiamini. Nilipomaliza Chuo Kikuu mwaka 2004 na kurudi nyumbani, aliniambia, "Tulia mwanangu. Msomi hahangaiki. Wataandika." Nami nikatulia. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ilikwisha kusema kwamba nafasi zitatangazwa na watu watashindana, lakini hakuna mtu Kibiti aliyetuambia, nami na shahada yangu sikuwa nimeisoma. Nilikaa miezi kumi na sita nikipiga soga chini ya mwembe pale kituo cha mabasi. Magazeti yenye matangazo yalipita mbele yangu yakiwa yamefungiwa maandazi. Siku moja nilinunua maandazi manne na kwenye karatasi nikasoma tangazo la kazi ninayoiweza. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa wiki tatu. Kuanzia siku hiyo nikaanza kununua gazeti lenyewe. Nilituma maombi mara kumi na moja kabla sijaitwa kwenye usaili.

Tangu hapo utaratibu umeendelea kubadilika. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2007 yalileta Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na leo maombi hutumwa kwa mtandao. Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 zimefungua milango kwa watoto ambao zama za baba yangu wasingeingia, nalo ni jambo jema sana. Lakini idadi ya viti haikuongezeka kwa kasi ya idadi ya vyeti. Na tamaa ya karatasi bila ya elimu ilizaa aibu: uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Kwetu pia tumewahi kungoja kazi zije kwa jahazi kubwa. Nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwaka 1997, Serikali iliridhia mradi mkubwa wa mwekezaji wa kufuga kamba katika delta. Bwenini tuligawana vyeo kabisa: huyu meneja, huyu mhasibu. Vijijini watu waligawanyika, wengine wakitaka ajira, wengine wakihofia mashamba na mikoko yao, na shauri likafika mahakamani. Mabwawa yale hayakujengwa. Baadaye likaja bwawa la kweli, la kuzalisha umeme la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2019. Vijana wawili wa mtaani kwetu walikwenda. Mmoja alikuwa na cheti cha uchomeleaji cha VETA, mwingine alikuwa na nguvu zake. Wote walifanya kazi vizuri. Kazi ilipokwisha, wa kwanza alihamia mradi mwingine kwa sababu msimamizi wake alimpigia simu. Wa pili anaendesha bodaboda ya mtu mwingine.

Niliyomfundisha mdogo wangu

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mdogo wangu alimaliza chuo cha ualimu mwaka 2015. Alinipigia simu ofisini akaniuliza afanye nini. Nikamjibu kwa ujuzi wote wa mtumishi wa Serikali, "Tulia. Walimu hupangiwa vituo." Ilikuwa kweli mpaka mwaka ule. Kuanzia hapo walimu wengi waliohitimu walisubiri miaka na miaka. Yeye alisubiri kwa utii, kama nilivyosubiri mimi, na kila alipouliza nilimwambia avumilie. Ili asilale na njaa alikwenda Nyamisati kununua samaki na kamba kwa wavuvi na kuwapeleka Dar es Salaam.

Mwaka 2024 likatoka tangazo la ajira za walimu: waombe kwa mtandao, na watakaochujwa waitwe kwenye usaili. Tukafungua makaratasi yake pamoja. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha Kidato cha Nne hakina, na cha chuo kimeandikwa kwa herufi tofauti. Jambo la kurekebishwa kwa kiapo cha mwanasheria tulikuwa na miaka tisa ya kulirekebisha, nasi tulikuwa na siku chache. Hakuitwa.

Sikujua la kumwambia. Yeye ndiye aliyesema, bila hasira, "Kaka, ulinifundisha kusubiri. Hukunifundisha kutafuta."

Sikuweza kumbishia. Mimi niliteseka kwa ushauri wa baba, nikaujua ubovu wake, kisha nikampa mdogo wangu ushauri ule ule kwa kuwa ulitoka mdomoni kirahisi. Kila kizazi humwandaa mtoto kwa kazi za jana. Babu alimwandaa baba kwa korija, shule ikamwokoa. Baba aliniandaa kwa barua, maandazi yakaniokoa. Mdogo wangu niliyemwandaa ni mimi, na hakupata wa kumwokoa.

Tufanye nini

Nikimtazama mdogo wangu leo naona kitu kingine. Miaka tisa ya Nyamisati haikupotea yote. Anajua siku za bamvua na bei ya barafu. Wavuvi humpa mzigo kwa mkopo kwa sababu hajawahi kuwadhulumu, na wanunuzi wa Dar es Salaam humpigia simu wao. Bila kujua, amerudi kwa babu: anajulikana kwa kazi moja. Ameomba tena ualimu, makaratasi yake sasa yamenyooka, nami namwombea heri. Lakini hakai tena chini ya mwembe.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaosoma, nasema machache. Mnapojaza Selform, msijaze kwa kunakili kwa jirani. Muulizeni mtu anayeifanya kazi hiyo siku yake huanzaje na kwishaje. Tazameni majina kwenye vyeti vyenu leo, si siku ya tangazo. Someni matangazo ya kazi mkiwa bado shuleni, hata ya kazi msizoweza kuomba, ili mjue wanachotaka. Na likizo zenu msizimalize zote kitandani: kaeni karibu na fundi, duka, zahanati, shamba au chombo, mteke maji ya ngama. Malipo yake ni mashahidi, na mashahidi hao ndio mtakaowahitaji siku ya kuombwa wadhamini.

Na ninyi wenzangu wa zamani, tusiishie kula pilau na kupiga picha mbele ya bweni. Tumo humu mahakimu, wauguzi, mafundi magari, wavuvi, wafanyabiashara wa korosho na waajiri wa watu. Napendekeza mkutano wetu uandike daftari moja: jina, kazi, mahali, na idadi ya wanafunzi ambao kila mmoja wetu yuko tayari kuwapokea katika likizo ya Desemba wakamwone akifanya kazi. Atakayesema hana nafasi ya wawili, apokee mmoja. Nimeanza kwa kujiandikisha mimi, wanafunzi wawili, na mdogo wangu amejiandikisha, wanafunzi watatu, Nyamisati, waje na nguo za kulowana.

Daftari liko kwa Mwalimu Mkuu.